Wajerumani wanaionaje Marekani kupitia vyombo vyao vya habari?

Mpangaji wa Leipzig:
Ndugu zangu, kila siku saa mbili usiku mwenye nyumba wangu huniita sebuleni tutazame taarifa ya Tagesschau, na habari za Marekani hazikosekani: rais amesema hivi, Bunge limekwama, bunduki zimelia shuleni. Taarifa ikiisha, yeye huyo huyo huweka filamu ya Hollywood iliyotiwa sauti za Kijerumani. Je, watu hawa wanaipenda Marekani au wanaidharau?

Msomaji wa Hamburg:
Ndugu, utazame mkasa wa Claas Relotius, aliyekuwa mwandishi wa jarida la Der Spiegel. Mwaka 2017 aliandika juu ya Fergus Falls, mji mdogo wa Minnesota, akieleza watu waliompigia kura Trump, na akadai kwamba njiani kuingia mjini kipo kibao kinachowakataza Wameksiko. Kibao hicho hakikuwapo. Hata hivyo makala ilipita kwa wahariri na kwa wahakiki wa ukweli wa habari, ikachapishwa, na uongo wake ukafichuka Desemba 2018 tu, baada ya Juan Moreno, mwandishi mwenzake, kutilia shaka makala nyingine waliyoshirikiana kuhusu mpaka wa Meksiko. Linaloniuma ni kwamba kibao kile kiliaminika kwa urahisi, kwa kuwa kililingana na Marekani ambayo wasomaji wa hapa walikuwa nayo vichwani tayari.

Mama Berlin:
Ni kweli, lakini tuwatendee haki: Der Spiegel lenyewe ndilo lililoutangaza uongo huo. Isitoshe, chuki si neno la kulitumia hapa. Julai 2008 watu wapatao 200,000 walijaa Berlin kumsikiliza Obama, ambaye hata urais hakuwa ameupata. Miaka mitano baadaye, magazeti yalipoandika kwamba simu ya Merkel, kansela wa Ujerumani wakati huo, ilikuwa ikidukuliwa na Wamarekani, uchungu niliousoma katika kurasa zile ulikuwa wa mtu aliyeumizwa na rafiki.

Mpangaji wa Leipzig:
Ahsante, Mama, nawe Ndugu wa Hamburg. Jana nilimwuliza mwenye nyumba wangu mwenyewe. Alinieleza kwamba utotoni, mji huu ulipokuwa Ujerumani Mashariki, shuleni walifundishwa kuwa Marekani ni adui, na usiku baba yake aliigeuza antena ili wapate televisheni ya Magharibi, wakatazama filamu za Kimarekani huku sauti imepunguzwa, majirani wasisikie.