Vuta N'kuvute: ambaye hakusoma kitabu, uliielewa?

Mzee_wa_Msamvu:
Wakuu, habari za jioni. Juzi nimeitazama filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, na shemeji yenu pembeni. Mimi riwaya ya Adam Shafi iliyotolewa filamu hiyo niliisoma Kidato cha Sita kwa ajili ya mtihani, kwa hiyo nilikaa pale kama msahihishaji. Kitabuni unaambiwa kila kitu: Yasmin ana miaka 15, anaozwa Bwana Raza mwenye miaka 52, unajua mpaka kinachomchukiza kwa yule mzee. Filamu inakuwekea uso wa binti, kichochoro cha usiku, ukuta unaobambuka chokaa, basi. Maneno machache mno. Mimi nilikuwa najazia mwenyewe kichwani, nikaifurahia kwelikweli. Mke wangu hajawahi kukishika kitabu, na kila baada ya muda: "Huyu naye nani? Mbona wanampiga?" Kufikia katikati nikawa namtafsiria kama Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, kwenye kibanda umiza cha video.

Swali langu: nyie ambao hamkusoma, mliifuata? Au ni shemeji yenu tu na simu yake mkononi?

BintiNgambo:
Kaka, mwache wifi yangu. Ile si filamu ya kutazama huku unachati. Mie kitabu sikukisoma na nimeelewa: Waingereza wanatawala Zanzibar, vijana wanasambaza makaratasi, mtoto wa Kihindi kakimbia ndoa. Hayo tumeyasikia kwa mabibi zetu. Kilichonikamata mie ni Mwajuma, shoga yake Yasmin. Yule ni Siti Amina, mpiga udi wa Siti and the Band, bendi ya Zanzibar, ndiyo maana taarabu yake haina kuigiza. Angepewa nafasi zaidi! Denge, yule kijana mpigania uhuru, na Yasmin wazuri, lakini akitokea Mwajuma nawasahau.

Fundi_Rada:
Mimi nilisinzia, nisiwadanganye. Picha nzuri, kila moja ungeitundika ukutani. Lakini mtu anayepigania uhuru nataka nimsikie anabishana, anashawishi watu. Najua imefika tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021, na kwenye tamasha la Carthage ikapewa tuzo ya Tanit ya shaba. Majaji wana subira kuliko mimi.

Kamau_wa_Thika:
Mzee, kama mama anataka hadithi inayoeleweka, mtafutie Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018. Jo ni msichana wa miaka tisa, mgonjwa wa kutopona, anapenda sana filamu za Jackie Chan. Mamake anamtoa hospitalini ili akae nyumbani. Dadake, Mwix, ndiye anayewashawishi wanakijiji wajifanye mtoto ana nguvu za ajabu. Mama hataki mchezo huo, na hapo ndipo filamu ilinishika, kwa sababu wote wawili wana haki. Huhitaji kitabu. Leso utahitaji.

Mzee_wa_Msamvu:
@BintiNgambo, Mwajuma nakuunga mkono, hata kitabuni ukurasa wake hauchoshi. @Fundi_Rada, mabishano unayoyataka yamejaa kwenye riwaya, kaisome.

Kamau, Supa Modo nimeiandika. Ila kwa ulivyoieleza, nitaitazama kwanza peke yangu shemeji yenu akiwa kazini. Akinikuta nalia, itabidi nianze tena kutafsiri.