Binti wa miaka 18 kaondoka mwenyewe: atafutwe au aachwe?

Wakuu habari za jioni. Nimemaliza Paper Towns ya John Green, riwaya ya vijana ya 2008, na sijalala vizuri. Kwa ambaye hajaisoma (samahani natoboa siri): kule Orlando, Florida, kuna binti anamaliza shule anaitwa Margo, usiku mmoja anamgongea dirisha jirani yake Quentin, wanazunguka mji kulipiza visasi mpaka alfajiri, kesho yake binti hayupo. Si mara ya kwanza, wazazi wamechoka, mpelelezi anasema kashafika 18 hawezi kumrudisha kwa nguvu, mama mtu anaamua kubadilisha vitasa. Vitasa jamani! Anabaki jirani ndo anahangaika na mistari ya mshairi wa Marekani Walt Whitman ambayo Margo kaipiga rangi kitabuni, anaanza kuogopa kwamba labda anatafuta maiti, mwisho anaacha mahafali yake anaendesha na wenzake kutoka Florida mpaka jimbo la New York. Wanamkuta mzima kwenye jengo bovu, mahali panaitwa Agloe, na anawawakia.

Sasa sisi hata mtu asipopiga simu mwezi mmoja tunamwambia "umepotea sana", lakini Margo hajapotea, anajua alipo. Mi nasema mtu mzima akiondoka kwa hiari aachwe. Zile picha tunazorusha kwenye magrupu ya WhatsApp, "amepotea, akionekana piga namba hii", unajua namba ni ya nani? Inaweza kuwa ya yule yule aliyemkimbia.

— Mkuu unaandika kama hujawahi kutafuta mtu. Mdogo wangu aliondoka baada ya matokeo ya form four, tumepita mochwari mbili mimi na baba, kila droo ikivutwa baba anafumba macho mi ndo naangalia. Wiki ya tatu karudi eti alihitaji kupumua. Sawa apumue, ila meseji ya "niko mzima" ni shilingi ngapi? Na huyo Margo wako kaandika mwenyewe mtandaoni kwamba Agloe itakuwa na mkazi mmoja mpaka Mei 29 saa sita mchana. Asiyetaka kutafutwa anaacha mpaka saa?

— Mbona Agloe yenyewe mmeipita? Wachora ramani wawili, Otto G. Lindberg na Ernest Alpers, waliuchomeka huo mji kwenye ramani miaka ya 1930, haupo, jina ni herufi za mwanzo za majina yao zimechanganywa, mtego wa kunasa wanaokopi. Baadaye mtu akajenga duka pale akaliita Agloe kisa ramani imesema! Quentin naye kamchora Margo kichwani tangu utotoni, kafika kakuta mtu mwingine kabisa. Ndo maana binti kawaka, hata mimi ningewaka.

— Mleta mada narudi. Hapo pa droo umenimaliza, pole sana. Basi tufanye kama polisi wa Uingereza, wakimpata mtu mzima wanahakikisha yu salama, familia inaambiwa yuko hai, alipo hapatajwi mpaka mwenyewe aridhie. Hapo je?

— Mama yangu aambiwe hivyo? Angelala pale pale kaunta mpaka wamtajie japo wilaya.