Tupeane uzoefu: Kazi ngumu ya sanaa uliyojifunga kuifanya huku unaogopa

Mwanzisha uzi

Habari zenu wadau.

Wengi wetu tuna kitu tunachotamani kukiandika, kukichora, kukiimba au kukiigiza, na tuna woga unaotuzuia. Ushauri tunaopewa kila siku ni kwamba tuondoe woga kwanza, kisha tuanze. Mimi niliusubiri wa kwangu uondoke kwa miaka na haukuondoka. Kilichonitoa pale nilipokwama ni kujifunga: nilichukua kazi iliyonizidi uwezo, nikaiwekea tarehe ya mwisho, nikamwahidi mtu kwamba ataisoma.

Woga wangu ni kusomwa. Tangu nikiwa shule naandika, madaftari yamejaa, na mtu akiingia chumbani nafunika ukurasa kwa kiganja. Rafiki yangu ndiye aliyenieleza habari za changamoto ya Novemba. Ilianza mwaka 1999 eneo la San Francisco, pale Chris Baty na wenzake, jumla watu 21, walipokubaliana kila mmoja aandike riwaya ndani ya mwezi mmoja. Baadaye ikaenea dunia nzima: maneno 50,000 kwa siku 30, yaani kama maneno 1,667 kila siku. Shirika lililokuwa likiiendesha lilitangaza mwaka 2025 kwamba linafunga shughuli zake, lakini lengo lenyewe halina mwenyewe, yeyote anaweza kulichukua. Sisi wawili tukalichukua, tukaahidiana kupelekeana tulichoandika kila mwisho wa wiki, kiwe kizuri kiwe kibaya.

Ugumu wenyewe ndio ulionisaidia. Zamani nilikuwa naandika aya moja, naisoma, naiona mbovu, naifuta. Ukidaiwa maneno 1,667 kabla hujalala, huna nafasi ya kurudi kwenye sentensi ya kwanza. Ile sauti inayosema "watakucheka" iliendelea kusema kila usiku, ila mkono ulikuwa umeshafika aya nyingine.

Kuna usiku nilifika mahali ambapo baba wa mhusika wangu anarudi nyumbani na hasemeshani na mwanawe. Nilijua vizuri yule ni baba wa nani. Mandhari ile nilikuwa nimeizunguka tangu mwanzo wa mwezi, naandika safari, naandika mvua, naandika jirani, alimradi nisiingie ndani ya ile nyumba. Usiku ule sikuwa na kingine cha kuandika na hesabu ilikuwa haijatimia. Nikaingia. Niliandika baba anavua viatu, anavipanga sawasawa mlangoni, anapita mbele ya mtoto bila neno. Mikono ilikuwa na jasho mpaka kibodi ikateleza.

Sura ile nilimtumia rafiki yangu, nikafunga simu kwenye droo. Jibu lake lilikuwa swali moja tu: kama baba hamjali mtoto, kwa nini ameweka ripoti zake zote za shule kwenye sanduku? Aliuliza habari za mhusika. Sikuulizwa habari zangu. Miaka yote ile niliamini kwamba anayenisoma ananichungulia mimi, kumbe msomaji ana hadithi yake anayoifuatilia.

Haya wadau, nanyi tiririkeni. Uliogopa nini, ulijifunga kufanya kazi gani, ikawaje? Hata kama hukuimaliza.

Fundi Wino

Mkuu, asante kwa uzi. Mimi ni mchoraji, na woga wangu ni mstari usiofutika.

Kila Oktoba kuna changamoto aliyoianzisha mchoraji Jake Parker mwaka 2009: mchoro mmoja wa wino kila siku, siku 31. Niliikwepa miaka kadhaa kwa sababu mimi ni mtu wa penseli na kifutio. Nilikuwa nafuta mpaka karatasi inakuwa nyembamba, inaota manyoya, halafu inapasuka. Nikaingia kwa masharti yangu mwenyewe: hakuna kuchora kwa penseli chini ya wino, na kila mchoro lazima uwe na mkono wa mtu, maana mikono ndiyo inayonitisha kuliko vyote.

Siku za mwanzo kidole gumba kilikuwa kinatoka upande usio wake. Kwenye wino ukikosea unabaki na mambo mawili, ama unaufuata ule mstari uone unakupeleka wapi, ama unautia ndani ya kivuli. Nilijifunza vivuli vingi mwezi ule kuliko nilivyowahi kujifunza mahali popote. Kwa mwenye mkono unaotetemeka kama wangu: mstari mrefu uvute kwa bega, siyo kwa kifundo cha mkono, na uuvute huku unatoa pumzi. Mtetemo unapungua sana.

Bado naogopa karatasi nyeupe. Tofauti ni kwamba siku hizi naogopa huku kalamu imeshashika wino.

Pembeni

Samahani, mimi nina maoni tofauti kidogo. Nilifanya changamoto ya kuweka shairi hadharani kila siku, na ndani ya wiki chache nikawa naandika kwa ajili ya idadi ya waliopenda. Shairi likipita kimya, siku yangu imeharibika. Woga wangu ulizidi, haukupungua, nikaacha katikati na sijutii kuacha.

Nilipoanza upya nilimwahidi mtu mmoja tu, dada yangu mkubwa, ambaye haoni shida kuniambia "beti hii sijaielewa". Kwa hiyo ninapowasikia watu wanahimiza "jitangaze ili usirudi nyuma", moyo unasita. Mwenye woga wa kuhukumiwa ukimwanzishia mbele ya halaiki unamwonea.

Mwanzisha uzi

Pembeni, nakuunga mkono kabisa, na ndiyo maana nikasema msomaji mmoja. Ahadi ya hadharani inamfaa mtu ambaye tatizo lake ni uvivu au kuahirisha. Kwa woga, macho mawili yanatosha.

Kighani

Nimesoma nikaona bora na mimi niseme, ingawa sijawahi kulieleza hili popote.

Nina kigugumizi tangu utotoni. Wenye kigugumizi wenzangu wanajua ujanja tunaotumia: unaliona neno gumu linakuja mbele, unalikwepa kwa jingine. Kwangu herufi ngumu ni "k" na "m". Nataka kusema "kesho", nasema "siku inayofuata". Watu wanadhani napenda kuzungumza kwa mafumbo, kumbe natoroka.

Dada yangu alipokaribia kuolewa, akaniomba nitunge utenzi na niughani mwenyewe mbele ya wageni. Nilimjibu ndiyo kabla sijafikiri, na nikamwomba aandike jina langu kwenye ratiba. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Sasa sikilizeni kilichotokea kwenye kutunga. Utenzi una vipande vinne kila ubeti, mizani nane kila kipande. Vipande vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, cha nne kinabeba kina cha bahari kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Nilikuwa nahesabu mizani kwa vidole juu ya meza, na kila nilipotaka kuliondoa neno la "k" niweke jingine, mizani inazidi au kina kinapotea. Neno linagoma kutoka. Maisha yangu yote nimekuwa nikibadilisha maneno nipendavyo, na hapa nikakutana na kitu kisichokubali ubadilishaji. Kuna kipande kilichoanza na "kaka" na kikaisha na "kukumbuka". Nilikaa nacho jioni nzima nikitafuta njia ya kukizunguka. Haikuwepo. Nikakiacha.

Wataalamu wa usemi wanajua kwamba wengi wenye kigugumizi hawakwami wanapoimba, na kughani kuko karibu sana na kuimba. Mimi nilikuwa nimelisoma hilo ila sikuwahi kulijaribu mbele ya watu. Nilifanya mazoezi na mdogo wangu, tunaghani pamoja, kisha taratibu anapunguza sauti mpaka nabaki peke yangu.

Siku yenyewe nilikwama. Naomba mlijue hilo, maana hadithi za namna hii huwa zinaisha kwa mtu kupona. Nilikwama ubeti wa pili kwenye "m" ya "mama", mdomo umefunga, ukumbi wote unanitazama. Nikagonga paja kwa vidole kufuata mizani, moja, mbili, tatu, nikaingia tena kwenye mapigo, neno likatoka. Nikaendelea hadi mwisho, na kile kipande cha "kaka" kilipita bila shida yoyote.

Kigugumizi ninacho hadi leo. Lakini nasema "kesho" inapokuwa ni kesho, hata ikinichukua muda, na anayesikiliza atasubiri.

Fundi Wino

Kighani, nimeisoma mara mbili. Hilo la umbo la shairi kukufungia njia za kutorokea limenikaa. Ndivyo wino ulivyonifanyia na sikuwa na maneno ya kulisema.

Chumba cha Nguo

Wangu ni woga wa sauti yangu mwenyewe. Naandika nyimbo, lakini nikijisikia kwenye rekodi natamani kuzima. Kwa wanaoteseka kama mimi, kuna sababu ya kimwili: unapozungumza au kuimba, sauti inakufikia kwa hewa na pia kupitia mifupa ya fuvu, ambayo inaiongezea uzito. Rekodi inakupa ile ya hewa tu, ndiyo maana unaisikia nyembamba na ngeni. Wenzako wanaisikia hivyo siku zote na hawaoni ajabu.

Nilijiunga na changamoto ya Februari ya watunzi wa nyimbo, nyimbo 14 ndani ya siku 28, iliyoanza mwaka 2004. Nilirekodi ndani ya kabati, katikati ya makoti, kwa sababu nguo zinameza mwangwi. Ukiwa na wimbo unaodaiwa kila baada ya siku mbili huwezi kurudia mstari mmoja usiku kucha. Unaimba, unaokoa faili, unaingia wimbo mwingine. Kufikia katikati ya mwezi nilikuwa nimejisikia mara nyingi kiasi kwamba masikio yalizoea, na hapo ndipo nilipoanza kusikia mambo ya kurekebisha: napumua vibaya, naishia maneno mapema. Kabla ya hapo nilikuwa nasikia aibu tu.

Jambo jingine. Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha utafiti mwaka 2014 ambamo watu waliotakiwa kujiambia kwamba wana shauku kabla ya kuimba karaoke waliimba vizuri kuliko waliojiambia wana wasiwasi. Moyo unaenda mbio kwa vyote viwili, na ni rahisi zaidi kuugeuza wasiwasi kuwa shauku kuliko kuulazimisha mwili utulie. Mimi najisemea kwa sauti kabla ya kubonyeza kurekodi. Inanisaidia.

Na msidhani kwamba umahiri unaufuta woga. Barbra Streisand alisahau maneno ya wimbo kwenye onyesho la Central Park mwaka 1967, akaandamwa na woga wa jukwaa kwa miaka mingi. Ziara yake kubwa ya kurudi ilikuwa mwaka 1994. Mpiga piano Glenn Gould yeye aliacha matamasha kabisa mwaka 1964, akaendelea na studio, na kazi alizozitoa huko zinasikilizwa mpaka leo. Kwa hiyo Pembeni yuko sahihi, si lazima kila mtu apande jukwaani.

Bado Naanza

Shikamooni wakubwa. Mimi sijafanya chochote bado, nasoma tu. Nataka kuandika habari za kaka yangu aliyefariki. Kila nikikaa mezani nafika kwenye siku ile ya simu kupigwa na ninafunga daftari. Je, nami nijiwekee idadi ya maneno nijilazimishe?

Mwanzisha uzi

Marahaba, na pole sana kwa msiba.

Hapana, usijilazimishe kwa njia hiyo. Niliyoyasema juu yanahusu woga wa kuchekwa na kuhukumiwa. Wako umechanganyika na majonzi, nayo hayaendeshwi kwa hesabu. Ile siku ya simu iache kabisa kwa sasa. Andika alivyokuwa anatembea, nguo aliyoipenda na wewe uliichukia, ugomvi wenu wa kitoto. Weka muda mfupi, siyo idadi ya maneno, na ukiisha simama hata kama sentensi haijakamilika. Ukiona kuandika kunakukosesha usingizi au unazidi kuzama, weka kalamu chini na uzungumze na mtu unayemwamini, au mshauri nasaha kama unaweza kumfikia.

Na tafuta msomaji mmoja. Asiwe mtu wa kukusahihisha tahajia.

Kighani

Bado Naanza, mwandikie kana kwamba unamwambia yeye. Mimi utenzi wangu uligoma kabisa nilipokuwa nawaza wageni, ukafunguka nilipoanza kumwambia dada yangu moja kwa moja, "wewe".

Pembeni

Kama huna msomaji, nitakusoma mimi. Nitumie faragha ukiandika ukurasa wa kwanza, hata nusu ukurasa. Sitakuambia ni nzuri au mbaya. Nitakuambia nilichokiona kuhusu kaka yako, basi.

Bado Naanza

Nashukuru sana Pembeni. Nimeanza na ule ugomvi wa kitoto, tuligombania baiskeli. Nitatuma Jumapili jioni.