Wakuu wa Arizona, naosha mchanga wa korongo sipati hata punje, nakosea wapi?

Kijana_wa_Makongolosi
Habari za wikiendi wakuu. Niko Phoenix mwaka wa tatu, siku nikiwa ofu nimeanza kahobi ka kutafuta dhahabu, nimenunua karai la plastiki na koleo dogo nikaenda kule jangwani Quartzsite. Jumamosi mbili nimechimba katikati ya korongo mpaka futi mbili, mchanga naubeba kwenye ndoo naenda kuosha nyumbani kwenye beseni maana kule maji hakuna hata ya kunawa. Naambulia mchanga mweusi tu, mwingi kweli, na vitu vya kung'aa ambavyo mke wangu alishaanza kupiga vigelegele kumbe ni ulanga. Wajomba zangu Chunya, kule kwetu kwenye machimbo ya dhahabu, wakisikia watanicheka mpaka basi.

mzee_wa_ndoo
Kosa lako ni hapo uliposema "katikati" mkuu. Makorongo ya huku maji yanapita mara chache kwa mwaka na yakija yanakuja kwa fujo, huo mchanga laini umeletwa juzi tu na mafuriko. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, mchanga mweusi kama mara 5 tu, kwahiyo maji yakipunguza kasi kidogo yenyewe inadondoka na kuzama mpaka ikutane na kitu kigumu. Nenda kwenye kona, upande wa ndani, au nyuma ya mawe makubwa, au pale mwamba umekatiza korongo, hapo chukua bisibisi na brashi ya rangi ukwangue nyufa zote. Na ukikuta tabaka jeupe gumu kama zege usilivunje ukadhani chini ndo kuna mali, hiyo ni kaliche, chokaa imeshikana na kokoto, mara nyingi dhahabu inakaa juu yake maana haipenyi. Mimi miaka miwili nilikuwa naitupa hiyo kokoto ya juu, usiniulize roho iliniumaje. Mchanga mweusi usikudanganye, upo hata kwenye makorongo ambayo hayana kitu.

dada_wa_Mesa
Kabla ya kona aangalie kwanza kama pale pana mwenyewe. Sheria ya madini ya 1872 bado inafanya kazi, mtu mmoja anaweza kushika klemu, yaani eneo alilojiandikisha kuchimba yeye, ya mpaka ekari 20 na wewe ukapita usione chochote zaidi ya kibomba cheupe cha alama kimesimikwa. Mimi nilitokewa na babu mmoja ana mbwa na bastola kiunoni, alikuwa mpole kabisa ila niliomba radhi kwa lugha mbili. Mwanzo nenda Lynx Creek kule Prescott, dhahabu imetoka pale tangu 1863, kuna kipande kimetengwa hakuna klemu za watu, unaosha kwa karai palepale kijito kikiwa na maji. Waulize ofisi ya msitu masharti.

Msukuma_Tempe
Mnamtesa bure, anunue ile mashine ya kupepeta kwa upepo, inafanya kazi kama mama anavyopepeta mchele kwenye ungo, chepesi kinaruka kizito kinabaki, maji ya nini?

mzee_wa_ndoo
@Msukuma_Tempe mashine kabla hajaona punje ya kwanza? Halafu udongo ukiwa na unyevu kidogo tu yale mabonge ya mfinyanzi yanatoka na dhahabu yako. Achekeche kokoto hukohuko abebe nusu ndoo, na ajaribu sehemu tano kabla ya kuchimba moja. Akija kununua avae barakoa ya maana, vumbi la huku lina kuvu wa homa ya bonde, ugonjwa wa mapafu, jirani yangu alikohoa miezi. Na Juni mpaka Septemba atulie nyumbani, mvua inanyesha mlimani usikoona, wewe huku unaletewa mto.

Kijana_wa_Makongolosi
Mrejesho wakuu. Lynx Creek nimeenda, upande wa ndani wa kona nikakwangua nyufa kama mzee alivyosema, nimetoka na punje nne. Moja nimeigonga na nyundo ikalala bapa haijavunjika, nikajua ndo yenyewe. Petroli imenitoka dola 40. Nimemtumia mjomba picha Whatsapp, kanijibu nifute kioo cha kamera kwanza nipige tena.