Kutoa akiba ya 401(k) kabla ya umri: kodi itachukua kiasi gani?

Mwana wa Kadutu (Bukavu)
Ndugu zangu, mdogo wangu anaishi Texas, ana miaka 43, hajaoa, na mwaka huu wa 2025 alihama kiwanda kimoja akaenda kingine. Kule kwa zamani amebakiza dola 20,000 katika akiba ya uzeeni iitwayo 401(k). Familia imepata kiwanja upande wa Panzi, naye yuko tayari kuitoa akiba yote. Kwa kuwa ameambiwa atakatwa asilimia 20, sisi huku tunahesabu dola 16,000 kana kwamba ziko mkononi. Je, hesabu hiyo ni sahihi? Mshahara wake ni dola 52,000 kwa mwaka.

Mhasibu wa Kamalondo (Lubumbashi)
Kaka, si sahihi. Asilimia 20 ni malipo ya awali tu, ambayo mfuko unalazimika kuyazuia na kuyapeleka kwa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani; kodi halisi hujulikana anapowasilisha tamko lake la mapato. Hapo dola zote 20,000 huwekwa juu ya mshahara wake, na kwa sababu hajafikisha miaka 59 na nusu, hutozwa asilimia 10 zaidi.

Kwa viwango vya 2025, asiye na ndoa husamehewa dola 15,750, hivyo mshahara wake unaotozwa kodi ni 36,250. Ngazi ya asilimia 12 inaishia 48,475. Maana yake dola 12,225 za akiba zitatozwa asilimia 12, na 7,775 zilizobaki zitapanda ngazi ya asilimia 22: jumla kama 3,178. Ongeza 2,000 za kutoa mapema, inakuwa 5,178. Zilizozuiwa ni 4,000. Atadaiwa 1,178 nyingine mwezi wa nne 2026, wakati ambapo kiwanja kimekwisha kulipwa. Kilichopo kwa kweli ni dola 14,822. Na ashukuru yuko Texas, isiyo na kodi ya mapato ya jimbo, kwani California ingemtoza ya kwake na asilimia 2.5 juu yake.

Mama wa Himbi (Goma)
Nakubaliana na Mhasibu, ila sioni kwa nini azitoe zote mwaka mmoja. Aombe mfuko uhamishe akiba moja kwa moja kwenda akaunti ya IRA, yaani akaunti ya akiba ya uzeeni anayoifungua mtu mwenyewe. Uhamisho wa namna hiyo hautozwi kodi wala haukatwi kitu. Kutoka huko achukue 10,000 sasa na 10,000 mwakani. Mshahara ukibaki ule ule, hakuna hata dola moja itakayofika asilimia 22, na ataokoa karibu dola 780. Asilimia 10 haitaondoka, hiyo asijidanganye.

Mwana wa Kadutu (Bukavu)
Asanteni sana. Nitamwambia asisaini kwanza. Muuzaji ni mtu wa kusikilizana naye, nitamwomba apokee nusu Desemba na nusu Januari.

Mhasibu wa Kamalondo (Lubumbashi)
Vema, lakini uhamisho huo auanze mapema, maana unaweza kuchukua wiki kadhaa. Kinachohesabiwa ni tarehe ambayo fedha zimetoka kwenye akaunti yake, wala si siku zilipofika Bukavu. Pia, IRA hukata asilimia 10 tu ya awali, tena anaweza kuikataa. Akiikataa, atenge mwenyewe fedha za kodi kabla ya kututumia sisi.