Naomba ushauri: mboji (mbolea ya taka zinazooza) kwenye nyumba ya wapangaji wengi

Wakuu habari zenu, hapa Tabata, Dar, tunapanga watu wengi uani, gari la taka likichelewa viroba vinavuja na nzi kibao, na ukichungulia ndani karibu vyote ni maganda ya ndizi, viazi na mabaki ya ugali, vitu ambavyo havina haja ya kusafirishwa mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi. Chupa za plastiki siyo ishu, wanazichukua vijana wanaookota. Nataka nianze mboji kwenye ndoo zilizotobolewa, nachanganya na majani makavu na maranda ya seremala isinuke. Aliyefanya hivi kwenye eneo dogo anisaidie, panya unawazuiaje? Na majirani mliwashawishi vipi watenganishe taka, maana hapo ndo naona kazi ipo.