Ruzuku kwa shahada ya pamoja ya vyuo vitatu vya Ziwa Victoria: Erasmus+, DAAD au njia ya IUCEA?

Mhadhiri, Mwanza

Wanajukwaa, habari za kazi. Mimi na wenzangu wa Kisumu na Kampala tumeandaa wazo la shahada ya uzamili ya pamoja kuhusu ubora wa maji na uvuvi wa Ziwa Victoria. Ziwa ni moja, ingawa takriban asilimia 51 ya eneo lake iko Tanzania, 43 Uganda na 6 Kenya, na kila upande unafundisha kana kwamba maji yanaishia mpakani. Tunakusudia mwanafunzi asome muhula mmoja katika kila mwambao, achukue sampuli kwa utaratibu uleule, na krediti zake zitambulike katika vyuo vyote vitatu. Gugumaji halina pasipoti, na sangara vilevile.

Tumeona njia tatu za kupata fedha. Ya kwanza ni Erasmus+, programu ya elimu ya Umoja wa Ulaya, katika kipengele cha kujenga uwezo wa elimu ya juu. Ya pili ni DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wanataaluma. Ya tatu ni kupitia Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki (IUCEA), kwa mfano wa mradi wa Vituo vya Umahiri uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Kati yetu ni chuo kimoja tu kilichowahi kusimamia mradi wa nje. Naomba ulinganisho kutoka kwa waliopita njia hizo.

Mratibu wa miradi, Kampala

Mwalimu, nianze na Erasmus+ kwa kuwa ndiyo niliyoifanyia kazi. Kipengele hicho kina ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni ya vyuo vyenye uzoefu mdogo na hutoa kati ya yuro 200,000 na 400,000. Ya pili hutoa kati ya 400,000 na 800,000 kwa ushirikiano mpana wenye ubunifu, na ya tatu, ambayo hufika milioni 1, inahusu mageuzi ya mfumo mzima wa nchi na haiendi bila wizara. Kwa hali mliyoieleza, ngazi yenu ni ya kwanza. Nimeona timu nzuri ikiomba ya pili kwa sababu ya ukubwa wa fedha, ikashindwa kuwashawishi watathmini kwamba ina watu wa kuisimamia.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba katika ngazi mbili za mwanzo chuo cha Afrika kinaweza kuwa mwombaji mkuu. Sharti ni kuwa na vyuo viwili vya Ulaya kutoka nchi mbili tofauti, na idadi ya vyuo vya Ulaya isizidi ya vyuo vya upande wetu. Ninyi mko watatu tayari, kwa hiyo hesabu inakubali. Ninawasihi msiikabidhi kalamu kwa mshirika wa Ulaya kwa sababu tu amezoea mfumo wa maombi. Anayeandika bajeti ndiye anayeamua nani asafiri, maabara ya nani ipate vifaa na mtaala uanzie wapi, na mambo hayo hayarekebishiki kirahisi mkataba ukishatiwa saini.

Mhasibu wa chuo, Dar es Salaam

Ninakubaliana na Mratibu kuhusu kalamu, lakini kalamu ina gharama yake, na gharama hiyo huangukia idara ya fedha. Ruzuku za Erasmus+ za aina hii sasa hulipwa kwa mkupuo uliokubaliwa mapema kwa kila fungu la kazi, yaani sehemu ya mradi yenye shughuli na matokeo yake. Hamtadaiwa risiti ya kila teksi na kila karamu ya semina, na huo ni unafuu mkubwa. Hata hivyo, fungu la kazi lisipokamilika, fedha zake zinaweza kukatwa. Mkiandika fungu moja kubwa lenye mtaala, vifaa na mafunzo ya walimu kwa pamoja, kuchelewa kwa kifaa kimoja kunaweza kuhatarisha malipo ya kazi zote mlizokwisha kufanya. Gaweni kazi katika mafungu yanayoweza kusimama yenyewe.

Nasisitiza vifaa kwa sababu ndipo nilipoumia. Kwa vyuo vya umma vya Tanzania, manunuzi hupita katika NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, na sheria zake hazisimami kwa kuwa mfadhili ana haraka. Katika mradi mmoja niliohudumia, kipima oksijeni ya maji kilifika wakati wanafunzi waliokusudiwa kukitumia wameshamaliza kazi ya uwandani. Tangu hapo, kila andiko la mradi linalopita mezani kwangu lazima liweke manunuzi katika miezi ya mwanzo kabisa.

Pia kumbukeni kwamba mchango wa Umoja wa Ulaya hauzidi asilimia 90 ya gharama. Asilimia 10 inayobaki ni ya washirika, na makamu mkuu wa chuo anapaswa kuijua kabla ya kutia saini barua ya kuunga mkono.

Mhitimu wa sheria, Arusha

Niseme kuhusu DAAD kwa sababu nimesoma kwa fedha zake. Kituo cha Tanzania na Ujerumani cha Masomo ya Sheria ya Afrika Mashariki kipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2008, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Bayreuth, na darasani nilikaa na wenzangu kutoka nchi nyingine za Jumuiya. Nguvu ya njia hii ni ufadhili wa wanafunzi wenyewe na uhusiano unaodumu miaka mingi. Udhaifu wake, kwa mradi wa Mwalimu, ni kwamba inamhitaji mshirika mmoja imara wa Ujerumani, na mhimili huwa kati ya chuo kimoja cha huku na kimoja cha kule. Kuugawa mhimili huo katika miambao mitatu kunahitaji maelewano mapema sana.

Mhadhiri, Kisumu

Kuhusu IUCEA, tusichanganye chombo na mfuko. Mradi wa pili wa Vituo vya Umahiri, ulioidhinishwa 2016, ulikuwa na vituo 24 katika nchi 8, na baraza liliuratibu. Fedha zilifuata matokeo: wanafunzi kutoka nchi nyingine za kanda, machapisho, ithibati za kimataifa. Kwa Tanzania fedha hizo zilikuwa mkopo nafuu wa serikali, hata kama chuoni zilionekana kama ruzuku. Vituo vilichaguliwa kwa ushindani, na vyuo vitatu vyenye wazo moja haviwezi kuufungua mlango wa namna hiyo wakati vinapotaka.

Tunachokihitaji kutoka IUCEA ni kitu kingine, nacho kina thamani kuliko fedha. Mfumo wa Sifa za Elimu ya Juu wa Afrika Mashariki, uliopitishwa 2015, unatupa lugha moja ya krediti na viwango. Wazee wetu walikuwa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki tangu 1963, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zikiwa chini ya paa moja, hadi kilipovunjwa 1970. Leo shahada yetu itapaswa kupata ithibati ya mamlaka za vyuo vikuu za nchi zote tatu, yaani TCU Tanzania, CUE Kenya na NCHE Uganda, kila moja kwa kalenda yake. Mfadhili yeyote atakayetupa miezi 24 tu hajatufaa, kwa maana ithibati peke yake inaweza kula nusu ya muda huo.

Mratibu wa miradi, Kampala

Mhadhiri wa Kisumu amegusa penyewe. Ngazi ya kwanza ya Erasmus+ inaruhusu miezi 24 au 36. Chagueni 36, na ithibati iwe fungu la kazi linaloanza mwezi wa kwanza.

Mhadhiri, Mwanza

Nawashukuru nyote. Tumekubaliana kuandika ngazi ya kwanza kwa miezi 36, Mwanza ikiwa mwombaji mkuu, na manunuzi ya vifaa yakiwa ya mwaka wa kwanza. Kabla ya hapo tutapeleka rasimu ya mtaala kwa mamlaka zote tatu za ithibati, kwa kuwa programu ya sasa ya Erasmus+ inaishia 2027. Ndugu Mhasibu, ninaomba ruhusa nikutumie jedwali la bajeti wiki hii ulitazame.

Mhasibu wa chuo, Dar es Salaam

Nitumie. Anza na fungu la vifaa.